Neno la Saba Nililomsomea Mtani Msibani

Bi Zuena mpendwa, shikamoo. Ukurasa wako huu nimeusoma tangu niko chuo cha ualimu, na nikiri kwamba siku zote nilikuwa nacheka matatizo ya wenzangu, sasa yamenifika mimi na sina hamu ya kucheka tena. Naomba unisaidie, na jina langu usiliweke gazetini, maana kwetu gazeti linasomwa na mmoja halafu linatembea mtaa mzima.

Swali langu ni dogo. Mtu anayetaka kutunza sarafu za mtandaoni kwenye simu achague pochi ipi: ile ambayo kampuni inakushikia funguo, ukisahau namba ya siri wanakusaidia, au ile ambayo funguo zake ni maneno kumi na mawili ya Kiingereza unayoyatunza mwenyewe, ukiyapoteza hakuna wa kumlilia? Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi, ambayo ni arobaini ya baba. Lakini naona nikiishia hapo hutanielewa, kwa hiyo acha nieleze yote, na nikirefusha unisamehe.

Mimi ni mwalimu wa kike, nafundisha Kiingereza sekondari huku Igunga, ila kwetu ni Tabora mjini, Ipuli. Baba yangu, marehemu Wenceslaus, alikuwa mtu wa asali na nta, anazinunua kwa warinaji wa porini, anachuja pamoja na mama, aliyeungua mikono kwa nta hiyo miaka thelathini, anauza, na ndivyo alivyotusomesha. Mwaka juzi akapata mnunuzi wa nta kutoka nje, na huyo mnunuzi akasema mambo ya benki yanachelewa na makato yanakula faida, yeye analipa kwa dola za mtandaoni, zile ambazo hazipandi na kushuka ovyo bali zinafuata dola ya kawaida. Baba hakuelewa hata kidogo, akanipigia simu. "Mwalimu," alikuwa ananiita hivyo tangu nilipomaliza chuo, hata mbele za watu, "hebu niangalizie hicho kipochi cha simu, wewe ndiyo msomi wetu."

Basi nikakaa jioni tatu nikisoma mtandaoni, nikaona habari za kampuni zilizofunga milango na fedha za watu zikiwa ndani, nikaogopa, nikamchagulia baba ile ya maneno kumi na mawili. Na wataalamu wote niliowasoma walikuwa wanasema jambo lile lile, andika maneno kwenye karatasi, usipige picha, usiweke kwenye simu, usimwambie mtu yeyote. Nikamwambia baba, usimwambie mtu yeyote, hata mama. Baba akasita, akaniuliza, "Mama yako naye?" Nikamjibu kwamba siri ya watu wawili inatosha, wa tatu ni soko. Hayo ni maneno yangu, Bi Zuena, baba hayakumtoka yeye.

Kwa kuwa alikuwa haamini vidole vyake kwenye simu ya kugusa, kila malipo yalipokaribia alikuwa anapanda basi la asubuhi kuja Igunga, anashuka stendi, tunakaa kwa mama lishe mmoja pale, anakula wali, mimi nafungua pochi kwenye simu yake naangalia kama fedha imeingia, namwambia imeingia, anafurahi, anapanda basi la mchana anarudi. Nyumbani kwangu hakuwahi kufika katika safari hizo. Mama alikuwa anaambiwa baba amekwenda Igunga kuonana na wafanyabiashara, kwa sababu mimi ndiye niliyesema siri. Karatasi ya maneno aliiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la kijivu la kanisani, akisema hilo koti halifuliwi, linapigwa brashi tu, kwa hiyo karatasi haitalowa.

Baba alianguka ghalani kwake, katikati ya ndoo za asali, presha. Akalazwa siku mbili bila kusema neno, ya tatu akafariki. Nilikuwa nimemshika mkono na nilimwona anahangaika kama anataka kusema kitu, na mpaka leo najiuliza kama ni hicho.

Sasa Bi Zuena wewe ni mtu wa Tabora, utani wetu Wanyamwezi na Wazaramo sihitaji kukueleza, ni wa tangu babu zetu wanabeba mizigo ya misafara kushuka nayo pwani. Mtani wa baba alikuwa Mzee Uwesu, Mzaramo wa mtaa wa Ng'ambo pale Tabora, aliyeletwa huku na kazi ya reli akabaki, rafiki yake wa miaka arobaini. Siku ya maziko alizuia jeneza getini mpaka akapewa kuku. Watu wakacheka huku wanalia, ndivyo msiba wetu ulivyo.

Siku ya kuanua matanga zikatolewa nguo za marehemu ili zigawiwe, na kabla hazijagawiwa Mzee Uwesu akalinyakua lile koti, akalivaa, akaanza kutembea kama baba, vile alivyokuwa akiburuza mguu wa kushoto na kukohoa kabla ya kuingia ndani, na mama yangu ambaye alikuwa hajala siku nne akacheka, akacheka mpaka akajifunika kanga. Ndipo mzee akaingiza mkono mfukoni. Mimi nilikuwa nimeisahau ile karatasi, naapa, kilio kilikuwa kimenimaliza akili. "Haa!" akasema, "Mnyamwezi kaacha wosia! Tena wa Kizungu, asije akauelewa mkewe!" Watu wakaangua kicheko. Akaanza kusoma.

Kila neno analisoma halafu analitafsiri anavyotaka. La kwanza lilikuwa jina la ndege, akasema, basi kuku wote wangu. La pili ngazi, akasema ngazi ya kupandia mbinguni, maana kwa dhambi za kuchanganya asali na maji atahitaji ngazi ndefu. Vijana wanamsahihisha matamshi, yeye anarudia, na binamu zangu wameinua simu wanarekodi. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka. Nilitaka kusimama. Lakini mtani msibani hakatazwi, ukimkatalia mtani umewatukana wazee, na nikisimama wataniuliza kwa nini, na nikieleza nitakuwa nimetangaza hela ya baba mbele ya boma zima, na mama yangu alikuwa anacheka, Bi Zuena, alikuwa anacheka.

Akafika neno la saba likamshinda. Akajaribu mara tatu, watu wanagaragara. Akasema, "Mwalimu si yupo? Njoo utusomee wosia wa baba yako, ada yetu isiende bure." Akanisogezea karatasi usoni. Watu wote wananitazama.

Nikasoma. Nikasoma vizuri, kwa sauti, kama niko darasani, naye alipolirudia vibaya nikamrekebisha mpaka akalipata. Watu wakapiga makofi. Ningeweza kusema neno lolote la Kiingereza, hata jina la mboga, hakuna ambaye angejua. Ulimi ulitangulia. Hili sijamwambia mtu, hata padri kitubioni sikumwambia.

Baadaye nikaikomboa karatasi kwa Mzee Uwesu kwa elfu tano, akanipapasa kichwa akasema pole mwanangu. Jioni ile video ikaingia kwenye kundi la ukoo la simu, watu themanini na kitu, wanaandika "Mzee Uwesu kiboko," na kutoka hapo ikaenda kwingine. Nikajiambia nihamishe zile fedha upesi, halafu nikajiambia nitaonekanaje kwenye mkeka wa msiba nimeinamia simu, halafu nikajiambia nani katika hawa anajua maana ya maneno yale. Kesho yake, baada ya kuwagawia wageni uji, nikaenda nyuma ya ghala, nikafungua ile pochi kwenye simu yangu kwa kutumia karatasi. Sifuri. Zilikuwa zimehamishwa alfajiri, zote, dola ambazo kwa shilingi ni zaidi ya milioni kumi na moja.

Yaliyofuata ndiyo yanayoniua. Kumbe baba alikuwa amemdokeza mdogo wake, baba mdogo Adriano, kwamba ana hela "kwenye simu," kama milioni kumi na moja, ya kumwezekea mama nyumba ile ya kiwanjani. Baba mdogo akamuuliza mama hela ziko wapi, mama akasema hajui. Wakafungua simu ya baba, wakakuta elfu thelathini kwenye akaunti ya kawaida, ile pochi hata hawakuitambua. Baba mdogo anasema mama amezificha. Shangazi yeye anasema hapana, wifi yake ajiulize marehemu alikuwa anafuata nini Igunga kila mwezi, mwanamume hapandi basi asubuhi akarudi jioni kwa wafanyabiashara wasio na majina. Yalisemwa mbele ya mama, na mimi nikiwa nimekaa karibu naye, bega kwa bega.

Usiku huo mama akaniuliza. "Mwanangu, wewe unakaa Igunga. Baba yako alikuwa na mtu huko?"

Nikamjibu, "Sijui, mama."

Tangu hapo mama ameacha kulia. Nguo nyeusi alizopaswa kuvaa mpaka arobaini amezivua. Picha ya baba iliyokuwa ukutani ameiweka uvunguni. Paroko alipokuja kuulizia misa ya kumwombea marehemu, akamwambia amuulize mwanamke wa Igunga ndiye alipie. Na Jumamosi ukoo utakaa, baba mdogo amesema mama ataulizwa hadharani ajibu.

Sasa yule mnunuzi ameniandikia, maana barua zake za Kiingereza mimi ndiye nilikuwa najibu, anasema kuna sehemu ya mwisho ya malipo ya baba, kama milioni tatu, niseme aitume wapi. Mawazo yangu ni haya: nichague pochi salama, ziingie humo, Jumamosi nisimame niseme nimezipata hela za baba, ndizo hizi, hakukuwa na nyingine. Baba mdogo atanung'unika, lakini mama atakuwa amesafishika, na yale mengine yatakufa na mimi. Je, nikifanya hivyo nitakuwa nimekosea? Na pochi ipi ni salama?

Ni mimi Mwalimu, Igunga.

*

Marahaba, mwalimu, na pole. Pole ya baba kwanza, kwa sababu katika barua yote hii ndefu sijaona mahali ambapo wewe mwenyewe umepata nafasi ya kumlilia.

Jina lako sikuliweka, na majina ya wengine na mitaa nimeyabadilisha. Nitakujibu la pochi haraka, ili tusiwe na kisingizio. Mimi mambo ya kripto, hizo sarafu zenu za mtandaoni, siyajui, najua kanga na mikeka. Kwa hiyo nimemuuliza mpangaji wangu, Fikiri, anayefundisha kompyuta, nikamsomea barua yako bila kumtajia wewe ni nani. Amenieleza mpaka chai ikapoa. Kasema pochi ya kampuni ni kama kumwekesha muuza duka mwaminifu: ukisahau namba yako atakukumbusha, lakini siku duka likifungwa usiku ukaamka hayupo, shauri yako. Ya maneno kumi na mawili hakuna mwenye duka. Aliye na maneno ndiye mwenye mali, hata kama ni mwizi, na hakuna ofisi utakayokwenda kugonga meza. Ya kwanza inamfaa anayesahau. Ya pili inamfaa anayejua kutunza, na ambaye amepanga siku akifa nani atajua. Baba yako hakumpangia mtu. Wewe ulimkataza.

Kwa milioni tatu za kuliwa mwezi huu, hakuna haja ya pochi hata moja. Mwandikie mnunuzi alipe benki, kwa jina la mama yako, akate makato yake, achelewe wiki mbili, potelea mbali. Benki Kuu yenyewe ilishatuonya kwamba sarafu hizo si fedha halali hapa kwetu, na mjane asiyejua kufungua hata kamera ya simu humpi mzigo huo. Na umwandikie leo, mwalimu, ukiwa bado umeshika gazeti hili! Umwambie ile anuani ya pochi ya zamani ya baba isitumiwe tena kamwe. Mwizi bado ana maneno. Kikiingia kitu humo hata saa sita mchana, kitaondoka kabla hujamaliza kusema alhamdulillahi. Hilo hukulifikiria, ulikuwa umeshughulika kupanga uongo.

Halafu nenda polisi kitengo cha makosa ya mtandao. Peleka ile video, peleka karatasi, peleka na kumbukumbu za pochi zinazoonyesha fedha ilihamia wapi. Usitegemee sana. Na akitokea mtu mtandaoni akakwambia yeye ni bingwa wa kurudisha kripto zilizoibiwa, umtumie laki mbili aanze kazi, huyo ni mwizi wa pili, mfungie. Wala usianze kuwatazama binamu zako mmoja mmoja ukitafuta nani ana simu mpya. Video imepita kwa watu mia, hujui, na ukimsingizia ndugu kwenye msiba, huo msiba hautaisha.

Haya. Nimemaliza pochi. Sasa tuseme kilichokuleta.

Neno la saba. Nilimuuliza Fikiri hilo pia. Amesema hata ungesoma jina la mboga, mwizi mwenye maneno kumi na moja na anayejua kazi yake analitafuta la kumi na mbili kwa mashine, na analipata upesi tu. Kwa hiyo mzigo huo utue. Wewe ni mwalimu, umeonyeshwa neno umelisoma, ningeshangaa kama ungekosea. Umelala nalo karibu siku arobaini kama ndiyo dhambi yako, na nadhani unajua kwa nini: dhambi hiyo ni rahisi kuibeba, imetokea kwa sekunde moja na ulimi ndiyo wa kulaumiwa. Zile nyingine ulikuwa na muda wa kutosha.

Ulikuwa na mchana mzima na usiku mzima wa kuhamisha hela za watu, ukaona haya ya kushika simu msibani. Mtoto wa kike, msibani watu wanashika simu kuagiza mchele! Ungesema unaagiza mchele. Hilo lilikuwa kosa la mtu aliyechanganyikiwa, nalo nakusamehe mimi kwa niaba ya wote waliowahi kufiwa.

La "hata mama usimwambie" silisamehi upesi hivyo. Wataalamu wako wa mtandaoni walisema usimwambie mtu yeyote, sawa. Wao hawamjui mama yako. Hawajui kama kuna mwanamke pale Ipuli aliyechuja asali na mtu huyo miaka thelathini, akaungua mikono kwa nta yake. Baba yako alilijua, ndiyo maana akakuuliza, "Mama yako naye?" Mzee wa watu alikuwa anakuomba ruhusa ya kumwambia mkewe! Nawe kwa usomi wako ukamnyima. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na nyie mmeficha mpaka mmezika.

Lakini hata hilo lina udhuru, ulitaka kumlinda. Lisilo na udhuru ni "Sijui, mama."

Nimeisoma sentensi hiyo nikaweka barua chini, nikatoka uani nikakaa. Ungesema "hapana," ungekuwa umesema kweli na siri yako ingebaki. Neno moja tu, hapana, mama, hakuwa na mtu. Ulikuwa unajua. Wewe ndiye uliyekuwa unamnunulia wali stendi. Wewe ndiye huyo mwanamke wa Igunga! Ukaogopa kwamba mama atauliza, basi alikuwa anafuata nini, ukaona heri baba yako aitwe mzinzi kuliko wewe kuulizwa swali la pili. Najua hukulipanga hivyo. Wengi wetu hatulipangi. Lakini ndivyo ulivyofanya, na nikikupakia asali hapa nitakuwa nakudanganya.

Sasa unataka kusimama Jumamosi na milioni tatu mkononi, useme ndizo hizi. Zitamsafisha nani? Baba mdogo alishasikia hesabu kwa mdomo wa kaka yake, atasema nane mmekula na mama yako. Na hata angeridhika, safari za Igunga utaziwekea nini? Si hela iliyomvua mama yako nguo nyeusi. Ukimletea hela zote kumi na moja leo mezani, picha itabaki uvunguni.

Kwa hiyo fanya hivi. Gazeti linatoka Alhamisi. Omba ruhusa kwa mkuu wako wa shule, panda basi kesho Ijumaa asubuhi. Usipige simu kwanza, kwenye simu utajikata katikati ya maneno. Ukifika, kabla ya kwa mama yako, pitia Ng'ambo kwa Mzee Uwesu. Mwambie ile karatasi ilikuwa nini. Najua atavunjika. Mtu aliyemchekesha mjane wa rafiki yake, na hicho kicheko ndicho kilichompora, atalia kama mtoto, na kwa umri wake sijui kama atavaa tena koti la mtu msibani. Lakini Jumamosi litasemwa, na asilisikie kwa watu wa sokoni. Umwambie wazi kwamba hakuna anayemdai, mtani hadaiwi, na kwamba wewe uliyekuwa unajua ulikuwa umekaa hatua tatu kutoka kwake na hukusema. Usimwache huyo mzee akaondoka na sehemu yako ya lawama.

Kisha nenda nyumbani. Ukae chini na mama yako, wawili tu, mlango umefungwa. Anza na Igunga, usianze na hela. Mwambie, "Mama, baba hakuwa na mtu. Alikuwa anakuja kwangu." Sema hivyo na unyamaze, mwache alishike hilo kwanza, hata kama ni nusu saa. Ndipo umweleze fedha zilikuwa za kumwezekea nani nyumba. Ndipo umwambie zimekwenda, na zimekwendaje, na ulijua tangu siku ile, na alipokuuliza ulimdanganya. Atakufukuza, pengine. Pengine atakaa miezi bila kula chakula ulichopika. Usijitetee, usimwonyeshe barua hii ya kwangu, usimwambie na wewe umeteseka. Ukiona machozi yanakujia, yameze, zamu ni yake.

Jumamosi usingoje baba mdogo afungue mdomo. Simama wewe kwanza, mbele ya ukoo, na shangazi yako awepo, useme nani alichagua pochi, nani aliweka siri, na marehemu alikuwa anafuata nini Igunga. Toa tiketi za basi kama unazo, toa barua za mnunuzi, wasome. Watakusema. Kuna watakaokuita mwizi, kwamba umezila mwenyewe na umetunga hadithi, na hutakuwa na namna ya kuwathibitishia. Hilo utaishi nalo, mwalimu, labda mpaka uzeeni. Mama yako amelibeba siku hizi zote na wala halikuwa lake.

Mimi sikuahidi kwamba utasamehewa. Nakwambia tu kwamba una kitu cha mtu na unajua kilipo. Hela huwezi kumrudishia mama yako. Mume wake unaweza. Panda basi.